Tulikitaka kilele cha Hanang, mlima ukatuonyesha kadi ya njano

NI saa 12 na dakika 20 asubuhi. Tuko Jorodom, juu kidogo ya mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara. Vijana 14 wa timu moja ya Masakta wanarukaruka kupasha misuli. Kuna jezi za Yanga, kuna za Simba, na mmoja ana ya Arsenal iliyochanika begani. Kocha wao anagawa chapati na mayai ya kuchemsha. Mimi nafunga kamba za raba huku nikiwaza kichwa cha habari. Kusema kweli nilikuwa nimeshakiandika kichwani, na kilihusu kilele.

Mtu pekee asiye na haraka ni mwongoza njia, mzee wa miaka hamsini na kitu aliyezaliwa chini ya mlima huu. Hatuangalii sisi. Ameinama kwenye kijito, anachota maji kwa kiganja, anayatazama, anayamwaga. Anachota tena.

"Shikamoo mzee. Tunaondoka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Marahaba. Subiri kwanza mwanangu, naangalia."

Tuliondoka saa moja kasoro. Saa tatu na nusu alitugeuza. Hatukuwa tumefika hata nusu ya safari, jua lilikuwa linawaka na kilele tulikuwa tunakiona. Vijana walinuna. Na mimi nilinuna, tena kuliko wao.

Stori hii ni ya kwa nini yule mzee alikuwa sahihi, na kwa nini kila anayependa michezo ya milimani anapaswa kujua kile alichokuwa anakitafuta kwenye kiganja cha maji.

MASAKTA NA MAZOEZI YA PUMZI

Nilifika huku kwa ajili ya mpira. Nilikuwa Babati, kwenye Uwanja wa Tanzanite Kwaraa ambao Fountain Gate wameutumia kama nyumbani, na safari yangu ilikuwa ya kwenda Liti, Singida. Shabiki yeyote aliyewahi kusafiri na basi la timu kutoka Babati kwenda Singida anaijua barabara hii. Unapita Katesh, na kabla hujafika unauona mlima umesimama peke yake, mkubwa, kilele chake mara nyingi kimevaa wingu. Huo ndio Hanang. Una mita 3,400 na ushee, ni volkano iliyokwisha kulala, na msitu wake ni hifadhi iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

Masakta nilivutwa na kocha mmoja niliyekutana naye uwanjani Babati. Aliniambia vijana wake hawana gym, hawana vifaa, ila wana mlima. Timu za Dar zikitaka pumzi zinakwenda kukimbia kwenye mchanga wa ufukweni. Yeye anawapandisha vijana miteremko, na mara moja kabla ya ligi ya wilaya kuanza anawapeleka Hanang, juu na chini siku moja. Akirudi anajua nani ana moyo wa dakika 90.

Sio wazo la ajabu kwa ukanda huu. Hii ni ardhi ya watu wenye mapafu. Gidamis Shahanga, aliyechukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, kisha dhahabu ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982, ni mtoto wa Katesh. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na mguu uliojeruhiwa na kufungwa bandeji, ni wa Mbulu, hapo jirani. Kijana wa huku akikimbia mlimani anaona anafuata njia ya wakubwa zake.

Akhwari tunamsifia kwa sababu hakuacha mbio. Sisi wa michezo tumelelewa hivyo: usikate tamaa, pambana mpaka filimbi ya mwisho. Ila mlimani sheria ni nyingine, na watu wa Hanang wameijua kwa bei kubwa sana.

JUMAPILI ILE

Desemba 3, 2023 ilikuwa Jumapili. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Msimu ule Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilishatangaza tangu Agosti kwamba kungekuwa na El Nino na mvua za vuli zingezidi kawaida. Alfajiri, watu wengi wakiwa bado ndani, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka.

Yalishuka matope, mawe na magogo kwa pamoja. Yalifuata mkondo wa Mto Jorodom na kuingia kwenye makazi. Gendabi iliguswa, Katesh ilizama kwenye tope hadi eneo la soko. Nyumba zilibebwa, magari yakafukiwa. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari na kuja Katesh. Walionusurika bila nyumba walihifadhiwa kwanza kwenye shule, na baadaye serikali ikajenga makazi mapya eneo la Waret.

Siku zile za mwanzo kulikuwa na maneno mengi mtaani: mara volkano imeamka, mara tetemeko. Serikali, baada ya wataalamu kupanda na kuchunguza, ilieleza kwamba haikuwa volkano wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji mpaka ikashindwa kuhimili uzito na mgandamizo, ikakatika, ikageuka tope na kuufuata mto.

Mwongoza njia wetu alikuwepo asubuhi ile. Njiani alitueleza kidogo, kisha akanyamaza. Alichosisitiza ni kwamba kabla ya tope kufika, watu walisikia sauti. Wengine walidhani ni lori. Wengine walidhani ni ndege.

WENYE THELUJI WANAFANYAJE?

Niliporudi nyumba ya wageni Katesh, nikiwa bado na hasira ya kukosa kilele, nilianza kusoma kuhusu watu wa nchi za baridi. Kule Uswisi, Austria na Norway kuna mchezo wa kupanda mlima wenye theluji kwa miguu ukiwa umevaa zile mbao ndefu za skii, halafu unashuka kwa kuteleza. Hakuna lifti wala uzio. Ni wewe, wenzako na mlima. Mashabiki wa hapa jina moja la skii wanalifahamu: Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji, akajifunza skii na kushiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mstarini amkumbatie. Boit alikuwa kwenye njia iliyotengenezwa. Hawa ninaowasema wanakwenda pasipo na njia.

Adui yao mkubwa ni maporomoko ya theluji. Theluji hushuka kwa awamu, leo safu hii, wiki ijayo safu nyingine juu yake. Safu moja ya chini ikiwa dhaifu, na juu yake kukawa na mzigo mpya, inatosha mtu mmoja kukanyaga pabaya. Bamba zima linakatika na kushuka. Kinachoshtua ni hiki: kwenye ajali nyingi zinazoua, karibu tisa kati ya kumi, aliyeyaamsha maporomoko ni mhanga mwenyewe au mtu wa kundi lake. Mlima haukumfuata, yeye ndiye aliyeufuata.

Kwa hiyo kwao kuuchunguza mlima ni sehemu ya mchezo, kama kocha anavyotazama mkanda wa mpinzani. Kabla ya kutoka wanasoma taarifa ya hatari ya siku hiyo, yenye viwango kuanzia 1 hadi 5. Wakiwa njiani wanatazama: kuna maporomoko mapya upande wa jirani? Theluji inapasuka mbele ya miguu? Kuna sauti nzito ya "vuum" chini, kama ardhi imeshusha pumzi? Upepo umelundika theluji upande gani? Joto limepanda ghafla? Wanapima mwinuko pia, kwa sababu sehemu hatari zaidi ni miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Wengine wanachimba shimo kwenye theluji ili waone safu zake kwa macho. Kila mtu anabeba kifaa cha kutuma mawimbi, koleo na fimbo ndefu ya kutafutia aliyefukiwa, maana robo saa ya kwanza ndiyo ya kuokolea. Baada ya hapo matumaini yanashuka haraka.

Nikakutana na jambo ambalo lilinifanya niweke simu chini. Watu wengi hawafi siku ya kiwango cha 5. Siku hiyo kila mtu anakaa ndani. Vifo vingi hutokea kiwango cha 3, cha katikati, siku ambayo jua linawaka, mlima unapendeza na watu wanaona mambo freshi tu.

Nikamkumbuka mzee wangu, na lile jua la saa tatu na nusu.

Na tusidhani haya ni ya Wazungu huko kwao. Kilimanjaro, mlima wetu wenyewe, ina barafu. Januari 2006, upande wa Western Breach, mawe yaliporomoka kutoka juu na kuua wapandaji watatu Wamarekani. Mlima wowote mrefu una kitu kinachosubiri kushuka. Kwingine ni theluji, kwingine ni mawe. Hanang ni tope.

ALICHOKIONA MZEE

Turudi Jorodom. Ilikuwa Machi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku tatu mfululizo, ila asubuhi ile anga lilikuwa safi. Sisi tuliliangalia anga. Mzee aliangalia ardhi.

Kwanza, maji. Pale chini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alitueleza kwamba baada ya mvua kukatika, kijito hiki kinatakiwa kianze kusafika. Kikiendelea kuwa na tope wakati hakuna mvua, maana yake huko juu kuna udongo unaoendelea kudondoka. Akasema kuna dalili mbaya zaidi: mvua inanyesha halafu maji yanapungua ghafla. Hapo ujue kuna kitu kimeziba juu, na kikizibuka hakishuki kistaarabu.

Pili, mawe. Baada ya kama saa moja ya kupanda tulikuta mawe madogo katikati ya njia. Vijana waliyaruka. Mzee aliokota moja, akaligeuza. Lilikuwa limekauka juu na bado lina udongo mbichi chini. Limeshuka leo, akasema.

Tatu, ufa. Hapa hata mimi niliuona. Ulikuwa unakata mteremko kwa kukingama, upana wa vidole vitatu, na nyasi zimekatika mizizi bado ni myeupe. Ufa wa zamani kingo zake zinakuwa zimelainika kwa mvua. Huu kingo zilikuwa kali kama mkate uliokatwa sasa hivi. Mita chache chini yake miti miwili ilikuwa imelala upande mmoja, na maji yalikuwa yanachuruzika pahali ambapo mzee alisema hapajawahi kuwa na chemchemi.

Akanyoosha mkono tunyamaze. Tulisikiliza labda dakika mbili. Mimi sikusikia kitu zaidi ya ndege na mapigo ya moyo wangu.

"Wanangu, tunarudi."

Kiungo wao mmoja, kijana mwenye mdomo, hakukubali. "Mzee, kilele si kile pale? Na jua hili?"

"Hata wale wa Jumapili ile walilala wakijua kesho ni Jumapili ya kawaida," mzee akamjibu bila kupandisha sauti.

Kijana akamgeukia kocha. Hapo ndipo nilipomheshimu yule kocha. Angeweza kusema "twende kidogo tu", maana tulikuwa tumelipia kibali, tumekodi Noah mbili kutoka Masakta alfajiri, na alikuwa na mwandishi wa habari pembeni aliyetaka picha ya kileleni. Alisema tu, "Mzee ameshapuliza filimbi. Geuka, mmoja mmoja, mwachiane nafasi, hakuna kukimbia."

KWA NINI HAPA NI TAMBARARE?

Tukiwa tunashuka mzee alimuuliza kocha swali ambalo sijaacha kulifikiria. Tulikuwa tunatazama bonde lilipofunguka chini, kuna eneo zuri limelala kama meza.

"Mwalimu, ninyi watu wa mpira mnapenda tambarare. Mmewahi kujiuliza kwa nini chini ya mlima hivi kuna tambarare?"

Jibu lake ni kwamba mlima ndio uliolitengeneza. Miaka na miaka maji yanashuka na udongo na mawe, yakifika mdomoni mwa korongo yanapungua nguvu, yanatua mzigo na kuutandaza. Wataalamu wa miamba duniani wanasema hivyohivyo kuhusu ardhi ya namna hii. Tukipata tambarare kama hiyo tunaweka magoli, tunajenga soko, tunajenga shule. Tunaishi juu ya barua ambayo mlima uliiandika zamani, na hatukuisoma.

Viwanja vyetu vingi vya mikoani havijengwi, vinapatikana. Unaona sehemu imenyooka, unafyeka, unachimbia nguzo, ligi inaanza. Anayetafuta kiwanja chini ya mlima awaulize wazee: mawe haya makubwa yaliyo peke yake katikati ya shamba yalifikaje? Mto huu uliwahi kupita wapi? Kama jibu ni "ulipita hapahapa", hiyo sio sehemu ya kukusanya watoto mvua zikikolea.

ISHIKE HII KABLA HUJAPANDA

Niliomba ruhusa ya mzee na kocha niandike wanachokifuata, maana najua wapo wasomaji wanaopanda Hanang, Meru, Uluguru na milima mingine kwa mazoezi.

Angalia mvua ya siku zilizopita, usiangalie ya leo peke yake. Udongo una kumbukumbu. Mvua ya usiku tatu haiondoki kwa jua la asubuhi moja.

Sikiliza TMA. Wana rangi zao: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Sisi wa mpira hatuna sababu ya kushindwa kuelewa kadi. Na kumbuka ile hadithi ya kiwango cha 3: mchezaji mwenye njano ndiye anayepaswa kucheza kwa akili, kwa sababu bado yuko uwanjani.

Usipumzike wala kulala ndani ya korongo au pembeni ya mkondo, hata kama kuna kivuli kizuri. Mkivuka, vukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama juu.

Ukisikia ngurumo isiyoisha, kama lori linalokuja lakini halifiki, usishuke kwa kufuata mkondo. Tope lina kasi kuliko winga yeyote. Kimbilia pembeni, panda ukingo, utafute mwinuko ulio nje ya njia yake.

Mwambie mtu wa chini mnapita wapi na mnarudi saa ngapi. Na kundi likubaliane kabla ya kuanza: mtu mmoja akisema turudi, wote wanarudi, na hakuna kumcheka.

HAKUNA KILICHOPOROMOKA

Sasa niseme ukweli ambao mwandishi mwenye tamaa angeuficha. Siku ile mlima haukuporomoka. Wala kesho yake. Nilikaa Katesh siku mbili, nikiutazama kutoka kwenye baraza la nyumba ya wageni, na kwa aibu nakiri kuna sehemu yangu ilikuwa inasubiri kitu kishuke ili mzee aonekane alikuwa sahihi.

Hakikushuka. Hilo ndilo gumu kwenye kurudi. Ukirudi salama hupewi ushahidi. Hakuna marudio ya video, hakuna takwimu ya "vifo vilivyookolewa". Kinabaki kikao cha vijana 14 wanaosema tungeweza kufika.

Lakini tuwaulize makipa. Kipa mzuri anayejipanga vizuri mara nyingi haruki. Mpira unamkuta amesimama, anaudaka kifuani, na jukwaa halipigi makofi. Yule anayeruka kila dakika ndiye tunayemshangilia, na wakati mwingine anaruka kwa sababu alikaa vibaya. Yule mzee alikuwa amejipanga. Sisi tulitaka tumuone anaruka.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda Masakta kuwaaga. Nilikuta mazoezi yanaendelea kwenye manyunyu, mpira umelowa, magoli ya miti. Badala ya mlima, kocha aliwapangia mbio za kupanda na kushuka kilima kidogo nyuma ya kiwanja, mara kumi. Walikuwa wanahema kama wamefika kileleni. Yule kiungo mwenye mdomo aliponiona alikuja akiwa anatweta.

"Kaka mwandishi, utaandika tulishindwa?"

Nikamwambia nitaandika kilichotokea.

Akageuka kuutazama mlima. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka katikati. Kisha akafanya kitu ambacho sikumtegemea. Alikwenda hadi kwenye mfereji pembeni ya kiwanja, akachota maji kwa kiganja, akayatazama.

"Bado ni machafu," akasema, akarudi kukimbia.

Kocha ananiambia wataupanda Hanang mvua zikiisha na ardhi ikikauka, na mzee ndiye atakayetangulia. Nimeomba namba kwenye kikosi. Safari hii sitakwenda na kichwa cha habari mfukoni.